Miluzi Minne ya Mbaazi

Naanza na choo, mnisamehe, kwa sababu ndiko siku zangu zilikokuwa zikianzia.

Saa moja na nusu asubuhi mume wangu alikuwa akiniita kutoka huko. "Aga!" Basi, neno moja tu. Chochote nilichoshika nakiweka chini naenda. Namkuta amekaa, suruali ya kulalia imeshuka vifundoni, macho kayaelekeza ukutani kama mteja aliyechoka kusubiri karani. Naingiza mikono kwapani mwake, kwenye jasho la jana, nahesabu mpaka tatu, namwinua. Kisha nageuka kuvuta maji, maana hata maji alikuwa havuti. Aliniachia niyaone. Miezi minne niliyaona kila siku, na kila siku nilinawa mpaka viwiko, na bado chai ilikuwa hainipiti kooni.

Jina lake msilisubiri. Mimi ni mwanamke wa mtaa wa Sadashiv Peth, nina miaka sitini na nane, na wanawake wa rika langu hapa mjini Pune hatutamki jina la mume. Nikimwita nasema "aho", kama mtu anayebisha hodi. Yeye huniita "aga", na jina langu Indumati limebaki kwenye karatasi za serikali. Lake nimelitamka mara moja tu, siku ya harusi, pale bibi harusi anapobanwa na mashangazi mpaka alitaje ndani ya shairi. Nilisema: sahani ya fedha, juu yake tende, fulani ni wangu, popote niende. Pale pa "fulani" nikaweka jina lake, wakashangilia, nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Miaka arobaini na miwili imepita, na sijawahi kwenda popote.

Safari hii nilikuwa na pa kwenda. Binti yetu wa pekee, Sharayu, yuko mji wa Nagpur, na baada ya miaka kumi na mmoja ya kungoja, tumbo lake lilikuwa limeingia mwezi wa nane. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mwanamke, mama yake mzazi akiwa pembeni. Daktari alikuwa amemkataza kusafiri, ameambiwa alale tu kitandani. Mama mkwe wake alishafariki. Kwa hiyo mama wa kwenda ni mimi, na tiketi ya treni ya tarehe kumi na nne nilikuwa nayo, nimeiweka kwenye sanduku la chuma chini ya sari zangu.

Kizuizi kilikuwa kimoja. Mume wangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na tangu siku hiyo hakuweza kuinuka mwenyewe, si kutoka kwenye kiti, si kutoka huko nilikoanzia. Mtu asiyeweza kuinuka chooni haachwi peke yake miezi mitatu. Na mtu wa kukodi kwa kazi hiyo alimkataa katakata. Alisema yeye si maiti ya kushikwashikwa na wageni.

Kila Jumatatu alikuwa akija Tejashri, mtaalamu wa viungo, msichana mwembamba mwenye mikono ya seremala. Alimbonyezabonyeza, akasema mfupa umeunga vizuri, kilicholala ni mapaja. Dawa yake ni kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, kila siku. Mume wangu akasema atafanya. Wiki ya kwanza hakufanya hata mara moja. Wiki ya pili alisema amesahau.

"Zoezi jipya ni yatima, bibi," Tejashri aliniambia, "halina kwao. Tulipeleke likalelewe na desturi ya zamani. Nitajie mambo ambayo babu hayaachi hata dunia ipinduke."

Nikamtajia, na kadiri nilivyotaja ndivyo nilivyoshangaa, maana ukiishi na mtu hujui umeishi na nini mpaka uorodheshe. Akiamka hukwangua koo mpaka nyumba ya chini wanajua kumekucha. Halafu husugua meno na ufizi kwa unga wa tumbaku iliyochomwa, kwa kidole, nusu saa nzima, huku akitema kwenye kopo la maziwa ambalo kulimwaga ni kazi yangu. Halafu chai vikombe viwili, anaimimina kwenye kisahani na kuivuta kwa sauti. Halafu gazeti. Halafu saa tano kamili, wali na mbaazi.

Tulianza na tumbaku: kabla ya kila kutema, asimame mara moja. Alisimama, nikiwa nimemshika, mdomo umejaa, na ute mweusi ukamtiririka kidevuni, ukaingia shingoni, mwingine ukaangukia sakafu niliyokuwa nimetoka kuipiga deki. Siku mbili nilivumilia, ya tatu nikasema basi. Tukahamia kwenye chai: asimame mara tano ndipo apewe kisahani. Alikaa akakitazama kile kisahani mpaka chai ikaota utando wa maziwa, kisha akainywa hivyo hivyo, na utando ukabaki umening'inia kwenye masharubu. Alijua umening'inia.

Tejashri hakukata tamaa. Aliangaza macho jikoni, akaiona sufuria yangu ya presha juu ya jiko la gesi, ile inayopiga mluzi mvuke ukijaa, akacheka. Wali unapiga miluzi mitatu, mbaazi miluzi minne, kila siku ya Mungu. Kila mluzi, asimame mara tano. Sufuria haibembelezwi, alisema, wala haisahau.

Basi tukamwekea kiti jikoni, hatua mbili kutoka kwenye jiko, naye akakaa kama hakimu. Mimi nikaweka kigoda mbele yake nifanye naye, asione ameonewa. Mluzi unalia, nasema haya, tunainuka. Siku za kwanza aliinuka kwa kunishika mkono, akiguna mguno wa kutisha majirani. Baadaye mara tano zikawa tatu, tatu zikawa moja, na hiyo moja mimi ndiye niliyefanya nguvu yote. Nikimaliza naye narudi kwenye kigoda changu kumalizia zangu. Magoti yalilia kama bawaba mbovu, lakini yakazoea.

Mazoea yana taabu. Wiki ya tatu nilijikuta nasimama hata mluzi ukilia nyumbani kwa Nalini, jirani wa chini. Niko roshani naanika nguo, sufuria ya Nalini inalia, mimi huyo nachuchumaa na kuinuka na shuka bichi mkononi. Nalini aliniona. Akauliza, "Dada Indu, umeangusha pini?" Nikamwambia ndiyo. Siku ya pili akaniuliza nina pini ngapi.

Halafu miluzi yetu ikaanza kupungua. Mbaazi zilizokuwa zikipiga minne zikapiga miwili, kisha mmoja, kisha kimya. Naweka sufuria, nawasha moto, nakwenda roshani kuanika nguo, narudi nakuta haijalia na moto umenywea. Nikajua gesi haina nguvu. Nilimgombeza mleta mitungi ngazini mbele ya watu. Nilizibua tundu za jiko kwa sindano. Nilibadilisha mpira wa mfuniko. Mbaazi zikaendelea kuiva nusunusu, na mume wangu akawa anazitafuna, anazitema moja moja pembeni mwa sahani, zikiwa zimelowa mate na kupangwa mstari. Kisha anavua meno ya bandia, anayasuuza kwenye glasi yake ya maji, na glasi anaiacha palepale karibu na wali wangu.

"Mkono wako umechoka," aliniambia. "Ndio uzee. Mimi sikulaumu."

Nami nikamwamini. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilikaa na mbaazi mbichi mdomoni nikafikiri, kweli, nimezeeka.

Jumatatu ya mwisho Tejashri akamjaribu. Akamwambia avuke mikono kifuani asimame bila kushika kitu. Mume wangu akajaribu. Mdomo ukamtetemeka, mapaja yakamtetemeka, akainuka kiasi cha shibiri moja akaangukia kiti. Jicho moja likatoa chozi. Tejashri alinitazama kwa huruma, akasema bibi, bado. Alipoondoka nikapiga simu Nagpur. Nilimwambia Sharayu kwamba baba yake hajaweza kuinuka, na kwamba sitaweza kuja.

"Sawa, mama," alisema. "Usijali. Nitatafuta mtu."

Kisha nikasikia ameziba mdomo kwa kiganja. Mtoto nimemzaa mwenyewe, najua akiziba mdomo inasikikaje. Nilipokata simu, mume wangu, aliyekuwa amesikia yote kutoka kwenye kiti chake, aliomba chai na akataka iongezwe sukari. Jioni yote alikuwa anaimba kwa puani. Niliisikia ile sauti, na akili yangu haikunituma kuuliza anaimbia nini.

Za mwizi arobaini. Zake zilifika Alhamisi. Nilikuwa nimeweka mbaazi motoni, nikakanda unga wa chapati nikaufunika bakuli kwenye rafu, nikabeba kapu la nguo kwenda roshani. Moto niliuacha mkubwa makusudi, na nikamwambia mume wangu kwamba leo nitarudi kila dakika tano kuuangalia mpaka nijue gesi inakwenda wapi. Nilirudi mara mbili. Moto ulikuwa unawaka vizuri, yeye amekaa na gazeti, sufuria kimya. Nikasema labda maji mengi. Nikarudi kwenye nguo.

Mlipuko ulitikisa vyombo kwenye makabati. Niliangusha kapu nikakimbilia jikoni, nikifikiri nitamkuta mtu aliyeungua, mtu wa nyonga mbovu asiyeweza kujinusuru. Sikufika. Kwenye ujia nilikutana naye akija. Alikuwa anakimbia. Hana fimbo, hana mkono ukutani, kanzu ya ndani inapepea, miguu yake miwili inakanyaga chini kama ya kijana wa shule. Hakusema moto, hakusema kimbia, hakusema hata aga. Alinisukuma kwa bega, akanipita, akafungua mlango, akateremka ngazi mpaka kibarazani kwa Nalini.

Nilibaki nimeegemea ukuta. Kwanza nilishukuru Mungu kwamba hakuungua. Nataka hilo lijulikane.

Jikoni, kizibo cha usalama kilikuwa kimeruka, na mbaazi zote zimepanda darini. Uji wa manjano ulikuwa umetapakaa kwenye feni, kwenye kalenda, kwenye picha ya marehemu baba mkwe wangu, na ulikuwa unadondoka mzito, tone kwa tone. Moja lilinidondokea shingoni likateremka mgongoni ndani ya blauzi, likiwa vuguvugu bado. Nilizima gesi. Nikachukua mfuniko nikakiinua kile kichuma kinachopiga mluzi. Chini yake, tundu lilikuwa limezibwa kwa unga. Unga wangu wa chapati, umebonyezwa vizuri kwa kidole, na alama ya kucha imekaa juu yake.

Nikatazama kiti. Nikatazama jiko, hatua mbili. Nikatazama rafu yenye bakuli la unga, ambayo mimi mwenyewe huifikia kwa kunyanyua visigino. Nikaelewa gesi ilikuwa inakwenda wapi. Wiki tatu, kila nilipotoa mguu jikoni, alikuwa anainuka kitini, anapunguza moto, anarudi kukaa. Na siku nilipoulinda moto, aliinuka akafika rafuni. Ili asisimame, alikuwa anasimama. Zoezi alilolikataa mbele yangu alikuwa akilifanya nyuma yangu. Kilichonipanda kooni si hasira. Hasira naijua, ni ya moto, na hii ilikuwa ya baridi na ilikuwa na ladha ya utando wa chai. Nilikuwa nimetia mikono yangu kwapani mwa mtu mzima mwenye miguu, asubuhi baada ya asubuhi, nikamvutia maji ya choo chake, naye amekaa pale anatazama ukuta, anajua.

Nikateremka na ule mfuniko. Alikuwa amekaa ngazini, Nalini amesimama mlangoni kwake na glasi ya maji.

"Umeacha nini motoni?" akaniuliza, mbele ya Nalini. "Ungeniua."

Nikamwambia anipe mkono. Chini ya ukucha wa kidole gumba unga ulikuwa umekauka, mweupe. Nikamwonyesha na mfuniko. Nalini, ambaye kwa kawaida maneno hayamkauki, aliingia ndani na kurudishia mlango, ingawa sidhani alienda mbali.

Aliuchokoa ule unga kwa ukucha mwingine. Kisha akasema, akizitazama ngazi:

"Ningesimama ungeondoka."

"Kwa mwanao."

"Miezi mitatu. Mimi ningekaa na nani?"

"Na Sharayu akae na nani?"

"Yeye ana mume." Akavuta kamasi, akafuta pua kwa kiganja, na kiganja akakifuta kwenye ngazi. "Mimi nina wewe tu, aga."

Nitasema kweli, huruma ilikuja. Ilifika mpaka hapa kifuani. Ni mzee, ameogopa nyumba tupu, hajui hata chumvi inakaa wapi. Lakini nilikumbuka kiganja cha Sharayu mdomoni, na sauti ya huyu akiimba kwa puani jioni ile ile, na mbaazi zikawa bado zinanitambaa mgongoni. Huruma ikageuka ikarudi ilikotoka.

Nilimpa mwiko wa chuma na ndoo, nikamwambia ukuta ni wake, mpaka unapofika mkono. Aliusugua mpaka alasiri, amesimama, bila kiti. Dari sikuligusa wala sikumwita mtu wa kuligusa. Nalini alikubali kumletea chakula cha jioni. Cha mchana apike mwenyewe, nikamwandikia kwenye karatasi nikaibandika ukutani: wali miluzi mitatu, mbaazi miluzi minne. Nikampigia Sharayu. Safari hii alilia bila kuziba mdomo.

Tarehe kumi na nne, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mkoba ubavuni, nafunga kamba za viatu. Kutoka chooni ikaja sauti.

"Aga!"

Nikasimama. Sikuamua kusimama, magoti yalikwenda yenyewe, laini, hayakulia hata kidogo, na mguu mmoja ulikuwa tayari umeelekea huko. Ndipo nilipojua. Nilimcheka Tejashri na yatima wake, nikajicheka mwenyewe kwa Nalini na pini, kumbe sufuria ilikuja nyumba hii imechelewa. Miaka arobaini na miwili mluzi ulikuwa unalia na mimi nainuka, ameketi yeye, nainuka mimi, na hakuna aliyewahi kuhesabu mara ngapi.

"Aga! Husikii?"

Nikasogea mpaka kwenye mlango wa choo. Ulikuwa wazi kidogo, kama siku zote, na harufu ilikuwa ile ile. Sikuingia.

"Purushottam," nikasema.

Maana yake ni mwanamume bora kuliko wote. Wazazi wake walimpa kwa nia njema. Nadhani asingeshtuka zaidi kama ningemvua nguo hadharani.

"Purushottam, simama."

Nikachukua mkoba, nikafungua mlango, nikaurudishia taratibu. Nilikuwa nimefika ngazi ya tatu nilipoyasikia maji yakivutwa.